Shajara ya mradi: kuingia mara moja kupitia wakala wa Windows katika programu ya mikopo

Machi, mwanzoni

Mradi huu unahusu programu ya mikopo ya chama chetu cha akiba na mikopo, ambayo imeandikwa kwa WPF (zana ya Microsoft ya kutengenezea programu za madirisha) na imesimikwa kwenye kompyuta za Windows za makao makuu na za matawi. Hadi sasa programu inamwomba mfanyakazi jina na nywila kwenye dirisha lake yenyewe, kisha inavipeleka Microsoft Entra ID, huduma ya Microsoft ya kutunza na kuthibitisha utambulisho wa watumiaji, na kurudishiwa tokeni, yaani hati ya kidijitali ya kuionyesha seva kwamba mtu amethibitishwa. Maana yake ni kwamba nywila ya mfanyakazi, ileile inayomfungulia barua pepe na mafaili ya ofisi, inapita ndani ya programu tuliyoiandika sisi. Njia hiyo haiwezi kupitisha uthibitisho wa hatua mbili, na hati ya RFC 9700, mwongozo wa usalama wa itifaki ya OAuth 2.0 iliyotolewa Januari 2025, inaikataza moja kwa moja. Uongozi umekwisha kuamua kwamba kila mfanyakazi atathibitishwa kwa hatua mbili, hivyo programu isipobadilishwa itaacha kufanya kazi siku sera hiyo itakapowashwa.

Lengo nililoliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi ni kwamba mtu aliyekwisha kuingia Windows atambuliwe na programu bila kuandika nywila tena, na nywila isipite tena mikononi mwa programu kwa namna yoyote. Sehemu ya pili ndiyo ninayoijali zaidi. Mfanyakazi anayeombwa nywila mara nyingi kwa siku huzoea kuiandika popote anapoona kisanduku cha kuiandikia, na siku akiletewa kisanduku cha tapeli ataiandika vilevile, kwa kuwa ofisi yake mwenyewe ndiyo iliyomfundisha hivyo.

Machi, kuchagua njia

Njia za heshima kwa programu ya kompyuta ni mbili. Ya kwanza ni kumfungulia mtumiaji kivinjari chake cha kawaida, akathibitishwa huko, kisha jibu, ambalo ni msimbo wa muda mfupi wa kubadilishwa kuwa tokeni, likarudi kwenye programu kupitia anwani ya ndani ya kompyuta hiyohiyo. RFC 8252 ya Oktoba 2017 ndiyo iliyoweka utaratibu huo, na inakataza kuweka kivinjari kidogo ndani ya programu yenyewe, kwa sababu programu inayokihifadhi kivinjari hicho inaweza kusoma kila herufi inayoandikwa humo. Pamoja na anwani ya ndani hutumika PKCE, ambayo humzuia mtu aliyeunyakua msimbo njiani kuubadilisha kuwa tokeni, kwa kuwa hana siri ya muda iliyozaliwa ndani ya programu iliyoanzisha ombi.

Njia ya pili ni kumtumia wakala wa mfumo endeshi, yaani sehemu ya mfumo inayoomba tokeni kwa niaba ya programu. Kwa Windows huyu ni Web Account Manager, aliyemo katika Windows 10 kuanzia toleo la 1703, na MSAL, maktaba ya Microsoft ya kuingizia watumiaji, inajua kuzungumza naye. Programu yetu haionani na ukurasa wa kuingilia wala haishiki tokeni ya kuhuisha, ile inayotumika kuomba tokeni mpya bila kuingia upya. Inamwambia wakala inahitaji tokeni ya huduma gani, naye anaitoa kutoka katika uhusiano aliokwisha kuujenga kati ya mtumiaji, kompyuta na Entra ID.

Tumechagua wakala, na kivinjari kibaki kuwa njia ya akiba. Urahisi wa kutoandika nywila una uzito, lakini kilichoamua ni utambulisho wa kifaa. Sera tunayotaka kuiwasha inasema kwamba data ya wanachama isomwe kwenye kompyuta zinazosimamiwa na ofisi pekee. Wakala huupeleka utambulisho wa kompyuta pamoja na ombi, wakati uwezo wa kivinjari kufanya hivyo hutegemea ni kivinjari gani na kimeandaliwa vipi. Katika matawi, ambako kila mtu ana kivinjari akipendacho, nisingependa usalama wetu utegemee jambo hilo.

Machi, maelezo niliyowaandikia wenzangu

Wenzangu wa kitengo waliuliza tokeni hizo zinatoka wapi ikiwa hakuna mtu aliyeandika nywila, na swali hilo linastahili jibu refu, kwa sababu asiyelielewa atashindwa kutengeneza mfumo utakapokwama.

Kompyuta inaposajiliwa katika Entra ID, hutengeneza jozi mbili za funguo, moja ya kuitambulisha kompyuta na nyingine ya kusafirishia siri. Kompyuta ikiwa na chipu ya TPM, ambayo kazi yake ni kutunza funguo za siri, nusu za siri za funguo hizo hufungwa humo. Mfanyakazi anapoingia Windows kwa akaunti yake ya ofisi, Windows huomba tokeni kuu ya kuhuisha kwa niaba yake, na Entra ID huirudisha pamoja na ufunguo wa kikao uliofungwa kwa ule ufunguo wa kusafirishia, ili kompyuta hiyo pekee iweze kuufungua. Kuanzia hapo, kila wakala anapoomba tokeni kwa ajili ya programu fulani, ombi hutiwa saini kwa ufunguo wa kikao. Mwizi akiinakili tokeni kuu na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine atakuwa na kitu asichoweza kukitumia, maana ufunguo wa kulitia ombi saini umebaki ndani ya chipu. Windows huihuisha tokeni kuu kila baada ya saa 4 mtu anapokuwa kazini na mtandao ukiwapo.

Programu yetu inapata mwishoni tokeni ya kufikia tu, ambayo kwa kawaida huishi kati ya dakika 60 na 90, muda kamili ukipangwa kwa kubahatisha. Hiyo ndiyo tokeni inayowasilishwa kwenye seva ya mikopo.

Amri ya kwanza ya uchunguzi niliyowafundisha wote ni dsregcmd /status. Katika matokeo yake marefu, mistari ya kutazamwa kwanza ni mitatu: AzureAdJoined, inayoonyesha kama kompyuta imejiunga na Entra ID, TpmProtected, inayoonyesha kama funguo zimo ndani ya chipu, na AzureAdPrt, inayoonyesha kama mtu aliyeketi hapo sasa ana tokeni kuu. Mstari wa mwisho ukiwa NO, hakuna haja ya kugusa msimbo wa programu, kwa kuwa tatizo liko chini yake.

Machi, usajili wa programu

Usajili kwenye Entra ID haukuchukua muda. Programu imesajiliwa kwa matumizi ya taasisi yetu peke yake, chini ya jukwaa la programu za simu na kompyuta, nayo haina siri yoyote, kwa sababu siri inayosambazwa ndani ya faili la programu kwenye kila kompyuta si siri tena. Wakala anadai anwani maalumu ya kurejea, ambayo ni ms-appx-web://microsoft.aad.brokerplugin/ ikifuatiwa na namba ya utambulisho ya programu. Anwani hiyo isipoandikwa sawasawa, Entra ID hujibu kwa kosa AADSTS50011. Tumeongeza na http://localhost kwa ajili ya kivinjari cha akiba.

Seva ya mikopo imesajiliwa peke yake na imepewa ruhusa mbili, ya kusoma na ya kuidhinisha. Programu huomba ya kusoma mtu anapoifungua, na ya kuidhinisha huombwa pale tu anapofungua ukurasa wa maidhinisho.

Aprili, msimbo

Sehemu ya msimbo ni fupi kuliko wengi walivyodhani. Kifurushi cha Microsoft.Identity.Client.Broker kimeongezwa kando ya MSAL, mjenzi wa programu anaitiwa WithBroker, na mpangilio wa maombi ni uleule kila mahali: kwanza AcquireTokenSilent, yaani ombi la kimyakimya, na ikirudi MsalUiRequiredException, yaani taarifa kwamba mtu lazima aulizwe, ndipo AcquireTokenInteractive, inayomwonyesha mtu dirisha. Kwa ombi la kwanza la kimyakimya tunapeleka PublicClientApplication.OperatingSystemAccount, maana yake akaunti ileile iliyoingia Windows. Kwenye kompyuta ya makao makuu iliyojiunga vizuri, mfanyakazi anabofya alama ya programu na orodha ya mikopo yake inatokea bila swali lolote.

Kilichotaka uangalifu ni dirisha la mzazi. Wakala akihitaji kumwonyesha mtu kitu, kwa mfano kumtaka athibitishe kwa simu, sharti aambiwe dirisha lake likae juu ya dirisha gani, la sivyo linaweza kujificha nyuma na mtumiaji akadhani programu imeganda. Katika WPF kishikio cha dirisha, yaani namba ambayo Windows hulitambulia dirisha, hupatikana kwa WindowInteropHelper, lakini thamani yake ni sifuri hadi dirisha litakapoundwa kweli. Programu yetu huanza kwa kuonyesha picha ya nembo huku ikipakia data, na ombi la kuingia lilikuwa likitumwa katika hatua hiyo, kabla dirisha kuu halijakuwapo. Tumeita EnsureHandle kwenye dirisha kuu kabla ya ombi lolote, na picha ya nembo sasa huondoka kabla wakala hajaitwa.

Jambo jingine lililowekwa kwenye kanuni za kitengo ni kwamba programu haifungui tokeni ya kufikia kusoma yaliyomo. Tokeni hiyo imeandikwa kwa ajili ya seva, na muundo wake unaweza kubadilika. Jina la kuonyesha juu ya ukurasa linatoka kwenye tokeni ya utambulisho ambayo MSAL inaturudishia kando. Seva nayo hukagua saini, mtoaji, mlengwa, muda wa kuisha na ruhusa kabla ya kugusa kanzidata.

Aprili, ufunguo wa mtumiaji katika kanzidata

Jedwali la watumiaji lilikuwa linamtambua mtu kwa anwani yake ya barua pepe. Anwani hubadilika: mtu akiolewa na kubadili jina anapewa mpya, na anwani ya aliyeondoka inaweza kuja kupewa mgeni mwenye jina linalofanana naye, akarithi historia ya maidhinisho isiyo yake. Tumehamia kwenye jozi ya oid na tid, yaani namba ya kudumu ya mtu ndani ya saraka ya Entra ID na namba ya saraka yenyewe. Barua pepe imebaki kuwa kitu cha kuonyesha tu. Uhamisho ulifanywa kwa kuwaoanisha watumiaji wote kutoka kwenye saraka, na waliokosa mwenzao wakapelekwa kwa ofisa utumishi mmoja mmoja. Wengi wao walikuwa wamestaafu au wameacha kazi, na akaunti zao ndani ya mfumo wa mikopo zilikuwa bado hai, jambo ambalo limeshughulikiwa mara moja.

Aprili, kaunta ya tawi la majaribio

Hapa ndipo mradi ulipogeuka kutoka kazi ya msimbo na kuwa kazi ya utaratibu wa ofisi. Makao makuu kila mtu ana kompyuta yake. Katika tawi la majaribio, kompyuta ya kaunta inatumiwa na wahudumu kwa zamu, na Windows imefunguliwa asubuhi kwa akaunti moja ya tawi ambayo wote wanaijua. Chini ya mfumo wa zamani kila mhudumu aliandika jina lake kwenye programu, na rekodi ikaonyesha ni nani. Chini ya wakala, programu ingechukua akaunti ya Windows, na kazi zote za kaunta zingeandikwa kwa jina moja.

Mkaguzi wa ndani aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. “Kaka,” aliniambia katika kikao, “ukishaniondolea dirisha la nywila, nitajuaje kati ya hawa watatu ni nani aliyeidhinisha?”

Pendekezo lililokuja haraka kutoka kwa wenzangu lilikuwa kumwonyesha mhudumu orodha ya akaunti kila anapofungua programu ili achague yake. Nililikataa, na sababu yake naiandika kwa urefu, kwa kuwa najua pendekezo hili litarudi. Akaunti ikishaongezwa ndani ya kikao cha Windows, wakala anaihifadhi katika kikao hicho. Siku inayofuata yeyote aliyeketi kwenye kiti hicho anaweza kuichagua akaunti ya mwenzake kwenye orodha na kupewa tokeni bila kuulizwa chochote, kwa sababu kwa Windows mwenye kikao ni yuleyule. Tusingekuwa tumepoteza alama ya aliyefanya kazi tu. Tungekuwa tumemwezesha mtu kuidhinisha mkopo kwa jina la mwenzake, tena rekodi ikionekana safi kabisa. Kuiondoa akaunti kwa amri ya MSAL mtu anapofunga programu hakutibu jambo hilo, maana amri hiyo haimtoi mtumiaji kwenye Windows.

Suluhisho tulilokubaliana ni kwamba kila mhudumu aingie Windows kwa akaunti yake mwenyewe, na akaunti ya pamoja ya tawi ifutwe. Ili kuingia kusiwe mzigo, kila mmoja amesajili namba yake ya siri ya Windows Hello kwenye kompyuta ya kaunta. Namba hiyo si nywila fupi: inafungua ufunguo uliomo ndani ya chipu ya kompyuta hiyo tu, na mtu aliyeichungulia hawezi kuitumia akiwa nyumbani kwake. Kompyuta moja hubeba hadi watu 10 kwa Windows Hello, na hakuna tawi letu lenye kaunta inayofikia idadi hiyo.

Wahudumu walilalamika, na kwa haki, kwamba kubadilishana zamu kumekuwa kuzito. Kompyuta za kaunta zina kumbukumbu ndogo, na vikao kadhaa vilivyoachwa wazi kwa pamoja vilikuwa vinaifanya ya mwisho kutambaa. Tumeweka kwamba anayemaliza zamu atoke kabisa badala ya kufunga skrini, na msimamizi wa tawi ameahidiwa kuongezewa kumbukumbu kwenye mashine mbili zilizolemewa zaidi. Mhudumu mmoja, mama aliyefanya kazi kaunta hiyo kuliko wote, alisema kwamba sasa anaweza kwenda kusali akiwa na uhakika kwamba hakuna atakayeandika kitu kwa jina lake. Kauli hiyo nimeiandika katika ripoti ya uongozi.

Kwa maidhinisho ya mikopo mikubwa tumeongeza kizuizi kingine. Seva hulikataa ombi la kwanza na kurudisha dai kwamba mtu athibitishwe upya. Programu hulipeleka dai hilo kwa wakala kupitia WithClaims, naye humtaka mhusika athibitishe wakati huohuo. Kwa njia hiyo hata aliyesahau kufunga skrini hawezi kuidhinishiwa mkopo mkubwa na mpita njia.

Mei, saa ya kompyuta

Tawi la pili lilileta tatizo lililotusumbua kwa sababu lilikuja na kwenda. Asubuhi baada ya umeme kukatika, baadhi ya kompyuta zilikuwa zinashindwa kupata tokeni, na baadaye mchana zilikuwa zinapona zenyewe. Chanzo kilikuwa betri ndogo ya ubao mama. Ikiisha, kompyuta iliyokosa umeme usiku huamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na kwa tarehe hiyo cheti cha seva ya Entra ID huonekana hakijaanza kutumika, hivyo mawasiliano hukataliwa kabla hata ya kufika kwenye tokeni. Mara Windows inapofanikiwa kuoanisha saa kupitia mtandao, kila kitu hurudi sawa. Betri hizo, aina ya CR2032, zimebadilishwa katika tawi hilo, na sasa kuangalia tarehe ni hatua ya kwanza katika karatasi ya uchunguzi, kabla hata ya dsregcmd.

Mei, kazi za usiku

Kuna programu ndogo inayokokotoa riba usiku kupitia kipanga kazi cha Windows, na ilikuwa inatumia nywila ya ofisa mmoja. Wakala hafai hapa, kwa kuwa hahudumu pale ambapo hakuna mtu aliyeingia kwenye kikao. Kazi hiyo imepewa utambulisho wake yenyewe katika Entra ID, unaothibitishwa kwa cheti kilichohifadhiwa kwenye seva, na ruhusa yake ni ya kukokotoa riba tu. Ofisa yule amebadilisha nywila yake.

Mei, mwishoni

Swali lililobaki mezani ni la mfanyakazi anayeachishwa kazi ghafla. Akaunti yake ikizimwa, wakala hatapewa tokeni mpya, lakini tokeni ya kufikia aliyokwisha kupewa inaendelea kuwa halali hadi muda wake uishe, na kwa huduma tuliyoiandika wenyewe Entra ID haiji kuifuta katikati. Dakika hizo ni nyingi kwa mtu mwenye hasira na haki ya kuidhinisha. Kwa hiyo seva sasa inasoma hali ya mfanyakazi katika jedwali letu kwa kila tendo la kuidhinisha, na ofisa utumishi amepewa kitufe cha kumzuia mtu papo hapo bila kusubiri kitengo chetu.

Hali ilivyo leo: makao makuu na matawi mawili yanatumia wakala, na njia ya zamani ya nywila imefungwa kwa watumiaji wao kwenye seva. Matawi yaliyobaki yanasubiri kompyuta zao zijiunge na Entra ID, na zile zisizo na chipu ya TPM zimewekwa kwenye orodha ya kubadilishwa, kwa kuwa humo funguo zingelindwa na programu tu. Kila tawi litakaguliwa kwanza akaunti za pamoja za Windows, na halitahamishwa kabla hazijafutwa. Dirisha la nywila litaondolewa kwenye msimbo tawi la mwisho litakapohama, na ombi la mabadiliko hayo limeandikwa, linasubiri tarehe.